Upanga Usio na Mkono

Fundi aliigeuza karatasi yangu huku na huku, kisha akaiweka juu ya gogo na kuigandamiza kwa patasi isipeperuke. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Changamwe, Mombasa, ndani ya banda la makuti ambamo wachongaji kama kumi walikuwa wameketi chini, miguu wameinyoosha, kila mmoja amebana twiga au kifaru wake katikati ya nyayo. Vumbi la mwarobaini lilikuwa limetanda, lile ambalo ukilivuta mara moja tu unalisikia uchungu wake ulimini.

Kwenye karatasi palikuwa na upanga. Nilikuwa nimeuchora kwa wiki tatu: bapa pana lililojipinda kama tanga lililoshiba upepo, meno saba mgongoni, na mpini wa nyoka wawili waliosokotana. Nilitaka anichongee wa mti, wa ukubwa wake kamili, niutundike ukutani.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Si ya mtu, mzee. Ni ya kubuni tu."

"Nimeona ni ya kubuni." Akauwekea mpini kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kidole kinachoishia kwenye kifundo cha kati. "Nauliza mkono, mwanangu. Itashikwa na mkono gani? Mkubwa? Mdogo? Hapa nitachonga unene gani?"

Sikuwa na jibu.

Hakunidharau. Aliuliza kama fundi cherehani anavyouliza kanzu ni ya nani kabla hajakata kitambaa. Akanirudishia karatasi, akachukua tezo lake na kurudi kwenye shingo ya twiga. "Ukimpata mwenyewe, uje."

Tangu siku hiyo zimepita wiki tisa, na swali lile halijanipa nafasi.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Nilianza kuchora panga chuoni, kwenye madrasa ya Kibokoni, nikiwa na miaka minane. Mwalimu alikuwa akitusimulia habari za Seyyidna Ali na Dhulfiqari, na mimi nilikuwa nimeuona kwenye picha, ule wenye ncha mbili. Nikalipindua daftari nikauchora ukurasa wa mwisho. Mwalimu alipita nyuma yangu akauona. Nikajikunja nikingoja bakora. Akautazama kwa kitambo, akasema, "Na ala yake utaishonaje?" Kisha akaendelea kusomesha.

Nililisahau swali hilo miaka ishirini na mingi. Fundi wa Changamwe ndiye aliyelifukua.

Mchana ninaandaa makaratasi ya mizigo ya watu bandarini. Usiku, baada ya isha, mezani kwangu panakuwa na penseli mbili, kifutio na daftari lisilo na mistari. Sasa ni la kumi na nne. Kila upanga una ukurasa wake na jina lake: Kusi, Kaskazi, Mkia wa Taa, Mwezi wa Kumi na Nne. Baadhi yao wana historia ndefu nilizowatungia, falme zilizozama na wafalme waliokataa kuzikwa. Sijawahi kuuza hata mmoja, wala sikukusudia kuuza.

Ambaye hajawahi kujaribu huenda akadhani raha iko kwenye mapambo. Siyo. Raha iko kwenye mstari wa kwanza, ule wa mgongo, unaotoka mpinini kwenda kwenye ncha. Mstari huo ukianza kupinda mapema mno, upanga unakuwa mundu. Ukichelewa, unakuwa mbao iliyokatwa pembe. Kuna mahali pamoja tu, penye urefu wa ukucha labda, ambapo ukipindia hapo upanga unavuta pumzi. Ninaweza kufuta mstari huo mara thelathini usiku mmoja na nikalala nimeridhika.

Kwa hiyo nilipoulizwa mkono ni wa nani, kilichonichoma hakikuwa kukosa jibu. Kilichonichoma ni kwamba nilirudi nyumbani, nikafungua madaftari yote kumi na manne, nikatafuta mkono. Niliangalia ukurasa baada ya ukurasa hadi saa nane za usiku.

Hamna hata mmoja.

Kilo kumi na tano

Nikaanza na lililo jepesi kwangu, hesabu. Nikauchukua ule wa nyoka wawili nikauhesabia uzito. Bapa lina urefu wa sentimita 130, upana wa 18, unene wa milimita 8. Chuma cha pua kina uzito wa takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ukizidisha unapata karibu kilo 15, na hapo mpini bado.

Jerikeni ya lita 20, ile tunayoipandisha hadi ghorofa ya tatu maji yakikatika Tudor, ina kilo 20 ikijaa. Sasa chukua robo tatu ya jerikeni hiyo, uinyooshe iwe ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, uishike kwa upande mmoja tu, halafu uambiwe uizungushe.

Panga za kweli hazikuwa hivyo. Zile za mkono mmoja zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Ulaya, nyingi zina kilo moja au moja na robo. Hata za mikono miwili za kawaida huzunguka kilo moja na nusu. Wahunzi walijua wanachokifanya. Bapa halikuwa na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, lilikondeshwa kidogo kidogo kuelekea kwenye ncha ili uzito urudi karibu na kiganja. Ule mfereji unaouona katikati ya bapa, ambao nilikuwa nikiambiwa ni wa kupitishia damu, kazi yake ni kupunguza uzito bila kuudhoofisha upanga. Na chuma hakiishii pale mpini unapoanzia. Kinaingia ndani ya mpini kama mzizi wa jino, na mzizi huo ukiwa mwembamba, upanga unavunjika kwa pigo la kwanza.

Haya yote niliyajua kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeyasoma na kuyapita, kwa sababu nilijiambia kwamba panga zangu ni za ndotoni na ndoto haina mizani.

Sasa siliamini tena neno hilo. Katika hadithi nizipendazo hata joka lina uzito. Anapotua juu ya paa, vigae vinapasuka, na ndiyo maana namwogopa. Upanga wangu haukupasua kitu. Haukuchosha bega la mtu. Ulikuwa ukielea.

Upinde uliobaki mkononi

Wiki hiyo nilimfikiria sana Liongo Fumo. Sote tumelelewa naye, kwa hiyo sitamsimulia. Nilichokuwa sijakitia maanani ni silaha zake. Mashujaa wa nchi nyingine wana panga zenye majina, panga zinazorithiwa na kung'aa gizani. Shujaa wetu mkubwa kuliko wote alifungwa minyororo, na kilichomwokoa ni tupa, tupa ya kukerezea chuma, iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni.

Na alipokufa alikuwa amepiga goti karibu na kisima, upinde ameuvuta. Mji mzima ukashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa. Walimwona kwa mbali wakadhani yu hai.

Waliuogopa mkono. Upinde ule ule ungekuwa umelala mchangani, watoto wangeuchezea.

Upanga wa harusi

Kisha ikaja harusi ya kakangu.

Kwetu kuna upanga mmoja. Ni wa aina ya Omani, ulionyooka, wenye makali pande zote mbili, na mpini wake ni mviringo mtupu kama fimbo fupi, hauna kitu cha kukinga vidole. Unakaa kwa bibi, Mji wa Kale, juu ya kabati, ndani ya ala ya ngozi iliyofungwa kwa leso. Kila bwana harusi wa ukoo huu huushika siku ya nikaha, na kanzu yake na joho lake na kilemba chake. Nimeuona kwenye picha maisha yangu yote. Sikuwahi kuugusa.

Usiku wa kuamkia nikaha bibi akaniita. "Ndoo unisaidie kuupangusa huno. Mikono yangu haifungi."

Bibi ana baridi yabisi. Vidole vyake vimekunjika kidogo na havifungi vikawa ngumi, na havikunjuki vikanyooka. Akakaa kwenye mkeka, akaniwekea upanga mapajani na kichupa cha mafuta ya cherehani, akanielekeza. Kwanza kitambaa kikavu. Kisha mafuta, matone manne, si zaidi. Toka mpinini kwenda kwenye ncha, usirudi nyuma. Hewa ya chumvi ya mtaa ule hula kila kitu, hula makomeo ya milango na vyuma vya madirisha, lakini bapa lile halikuwa na kutu hata doa.

Nilipomaliza niliuweka kwenye mizani ya jikoni, mpini huku na ncha nimeiegemeza kwenye kiganja, nikaona haiwezekani. Nikausimamisha wima ndani ya kopo. Gramu 870.

Nikaulaza juu ya kidole kimoja nikitafuta pale unapotulia. Ulitulia shubiri moja kutoka mpinini. Bapa, pale linapotokea, lina unene wa sarafu mbili za shilingi ishirini. Karibu na ncha halifiki sarafu moja. Nilipitisha vidole viwili toka mwanzo hadi mwisho nikahisi kukonda kule, polepole, bila kituo, na nywele zikanisimama. Kuna mtu aliyekaa na nyundo akalifanya hili kwa jicho.

Halafu nikaushika.

Ngozi ya mpini imekuwa nyeusi na laini kama mgongo wa msahafu wa zamani. Upande mmoja kuna kibonde kidogo. Sikukiona, nilikihisi tu, kwa sababu dole gumba langu liliingia ndani yake lenyewe.

"Bibi, hapa pameliwa."

"Pamekaa kidole. Huno umeshikwa ni babuyo, na babake, na amizo wote wane. Kesho utashikwa ni nduguyo."

Nikahesabu kichwani. Kila mmoja wao siku moja, saa mbili tatu, na picha. Siku sita, saba, katika miaka mingi. Siku saba haziwezi kuchimba kibonde kwenye ngozi.

"Na wewe, bibi?"

Akacheka. "Mimi n'naupangusa tangu nilipoolewa. Kila mwezi ukiandama. Wao wameushika harusini, mimi nimeushika miaka hamsini na mitatu."

Alinyoosha mkono. Nikampa upanga. Vidole vyake visivyofunga vikauzunguka mpini nusu, na dole gumba likaenda mahali pake.

Kesho yake kwenye uwanja, baada ya nikaha, ami yangu mkubwa aliuchukua kwa kakangu, akaunyanyua na kuutikisa kama wanavyotikisa kwenye razha, ile ngoma ya panga, kifundo cha mkono tu ndicho kinachocheza. Bapa likatetema, likatoa sauti nyembamba ya kama panzi, na jua likamwagika juu yake. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, namtazama bibi. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akihesabu mitikisiko, kama mama anavyohesabu hatua za mtoto.

Chuma cha kwetu

Lazima nikiri jambo. Nchi zote nilizozitunga kwenye madaftari yangu zina theluji. Milima mirefu, misonobari, wahunzi wenye ndevu nyekundu. Nimezaliwa mahali ambapo kaskazi na kusi ndizo zinazopanga maisha, nikawapa panga majina hayo, kisha nikazipeleka zikaishi kwenye baridi nisiyowahi kuisikia mwilini. Nilidhani huko ndiko panga zinakokaa.

Mwaka 1154, huko Sisilia, Al-Idrisi alimmalizia mfalme Roger wa Pili kitabu cha jiografia. Hakufika pwani hii mwenyewe, aliandika kwa masimulizi ya wasafiri. Katika maneno machache aliyoandika juu ya Mombasa, alisema watu wake wanachimba chuma. Malindi nako, alisema, chuma ndiyo biashara inayowapa faida kubwa. Na chuma cha Sofala, upande wa kusini kabisa, kilinunuliwa na wafanyabiashara wakakipeleka India, ambako mafundi walikigeuza panga.

Niliyasoma hayo mara tatu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Wanaakiolojia nao, akiwemo Chapurukha Kusimba, wamechunguza mabaki ya uhunzi katika miji hii ya pwani. Galu, karibu na Diani, mahali ambapo watu huenda kuogelea, ardhi ilihifadhi mavi ya chuma, yale masalio yanayobaki chuma kinapoyeyushwa, ya wahunzi wa zamani. Waliyeyusha, wakafua, wakavukuta. Tunao msemo, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na nilikuwa nikiusema kama watu wasemavyo methali, bila kuona moto nyuma yake. Sasa nauona. Mtoto yuko kando ya tanuri, nyundo bado haimo mikononi mwake, lakini mivukuto imo.

Kwa hiyo hata kabla ya mkono unaoushika upanga kuna mikono mingine, na baadhi yake ilikuwa hapa.

Panga

Kuna mkono mmoja nilioukwepa kuuandika, na nimeahidi nafsi yangu kwamba leo sitaukwepa.

Mwaka juzi, mama mmoja muuza mahamri, jirani yetu wa zamani kabla hatujahama Kisauni, alikatwa. Ilikuwa alfajiri, anakwenda kuwasha jiko. Vijana watatu, mkubwa wao labda miaka kumi na saba. Walitaka simu. Aliwapa simu, na mmoja akamkata hata hivyo. Alinyanyua mkono wa kushoto kujikinga, na kovu limepita toka kifundo hadi karibu na kiwiko. Nilikwenda kumwona. Alikuwa akikanda unga kwa mkono mmoja, ule mwingine ameulaza mapajani kama kitu cha kuazima.

Nilirudi nyumbani nikafunga daftari. Miezi mitano sikuchora.

Mamangu ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali. Alilikuta daftari la kumi na mbili chini ya mto, akalifungua. "Mwanangu, ni mazuri. Lakini mji huu wetu, mwana akitoka usiku silali. Unaweza vipi kuyapamba makali?"

Hadi leo sina jibu la kumtosheleza. Nilijaribu kumwambia kwamba upanga na panga ni vitu viwili. Kisha nikasikia nilichokisema. Upanga mmoja, panga mbili. Lugha yenyewe haikukubali kunisaidia. Ukizifanya panga zangu za ndotoni kuwa nyingi, zinachukua jina la kile kilichomkata mama wa mahamri.

Niliporudi kuchora, nilirudi kwa siri, na bila kumaliza ubishi ule. Nilisema tu kwamba mchoro haumkati mtu. Ni kweli haukati. Lakini naona sasa kwamba ndiyo maana nikaifuta mikono. Sikuwa nimeisahau. Bila mkono, upanga ni umbo tu, ni mstari mzuri, na mimi naweza kulala. Ukitia mkono, ni lazima useme unafanya nini.

Baada ya harusi nilikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, jioni, nikanunua dafu. Muuzaji ni kijana mwembamba, ana panga lake refu. Analishika dafu kiganjani, anapiga mara tatu kuzunguka, la nne linafungua kifuniko, na maji hayamwagiki. Nilimwomba apige polepole nione. Panga halifanani na upanga wa bibi hata kidogo. Uzito wake uko mbele, karibu na ncha, kwa sababu linataka kuanguka, na kazi ya mkono ni kuliruhusu lianguke na kulizuia pale pale linapotosha. Mpini ulikuwa umepasuka zamani, akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, mkazo juu ya mkazo, hadi ukapata umbo la ndani ya ngumi yake.

"Naweza kulishika?"

Alisita. Akaangalia kulia na kushoto, kwa sababu siku hizi kumpa mtu panga mkononi hadharani si jambo dogo. Kisha akanipa, mpini ukinielekea, yeye ameshika bapa.

Ngumi yake ni kubwa kuliko yangu. Vidole vyangu vilipotea ndani ya nafasi za vidole vyake. Kwa jinsi alivyonipa, na kwa jinsi alivyoufuata mkono wangu kwa macho hadi niliporudisha, nilielewa kwamba yeye analijua panga lake kuliko nilivyozijua panga zangu zote, na analijua kwa pande zote mbili.

Nilimwomba ruhusa nichore mkono wake. Aliuweka kwenye karatasi, juu ya ukuta wa mawe unaoelekea baharini, nikaupitishia penseli.

Mikono

Sasa nina mikono kumi na minane. Wa muuza madafu. Wa mamangu, aliyekubali baada ya siku nne bila kuniuliza ni ya nini. Wa kakangu, bado una alama za hina ya harusi. Wa mtoto wa jirani, miaka sita, ambaye alikunja kidole kimoja makusudi. Mama wa mahamri nilimwendea mwisho kabisa. Nilimweleza kila kitu, pamoja na panga, pamoja na miezi mitano. Alikaa kimya kwa muda. Akaniwekea mkono wa kushoto, ule wenye kovu, akasema, "Huu. Mwingine nina kazi nao."

Sijamchorea upanga. Nimemchorea ngao, na nimeifuta mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Inakaa kwenye mkono toka kifundo hadi kiwiko, nyembamba, ya ngozi ya nyati juu ya mti mwepesi, na upande wa ndani una kamba moja pana ili vidole vibaki huru kukanda. Katika nchi yake kuna mahamri. Kuna alfajiri pia.

Na nilianza ule wa bibi. Hapo ndipo nilipojifunza upya. Mkono usiofunga ngumi hautaki mpini mwembamba, unataka mnene, karibu kama mchi mdogo, ili vidole visihitaji kukutana. Mpini mnene unaongeza uzito nyuma, kwa hiyo bapa nalo lazima libadilike. Nikalifupisha hadi sentimita 45. Nikalipa mfereji mmoja. Nikajaribu kulipinda, likakataa, bibi si mtu wa kupinda. Nikaliacha linyooke. Penye dole gumba nikachimba kibonde.

Ni upanga wa mwanamke mzee anayelinda nyumba yenye upanga mwingine juu ya kabati. Hauna meno wala nyoka. Mgongo wake una ule mstari niliouhangaikia tangu nikiwa na miaka minane, na safari hii sikuutafuta kwa kifutio. Kila kitu kingine kilipokaa mahali pake, ulikuwa umebakiwa na njia moja tu ya kupita.

Ala yake nimeichora pia, kwenye ukurasa huo huo. Ya ngozi, na mdomo wake mpana, kwa mtu ambaye mkono unatetemeka.

Changamwe tena

Jumamosi iliyopita nilirudi bandani. Twiga alikuwa amekwisha, wanampaka rangi ya viatu mtoto mmoja na mwenzake. Fundi alinitambua kabla sijasalimu.

"Umempata?"

Nikampa karatasi mbili. Aliutazama mkono kwanza, mchoro wa upanga akauweka chini bila kuuangalia. Akafuata mstari wa penseli kwa kidole, toka dole gumba, akapanda, akashuka. Kwenye kidole cha kati akasimama.

"Ana baridi yabisi."

"Ndiyo, mzee. Ni bibi yangu."

"Hii itakuwa mwarobaini. Mpingo ni nzito, itamchosha." Akachukua kipande cha mti, akakishika, akakitupa, akachukua kingine. "Mpini nitachonga kwanza. Utampelekea ashike. Ukirudi ndio nichonge hiyo ingine."

Nilikuwa na daftari jipya kwenye mkoba. Nilikuwa nimejizuia kumwomba tangu nilipoingia, kwa sababu niliona haya, kwa sababu sikujua kama ni adabu. Nikalifungua mapajani pake juu ya vumbi lote lile, nikamwonyesha kurasa za mwanzo, mkono baada ya mkono, kisha ukurasa mtupu.

Aliangalia kwa muda mrefu. Tezo, patasi na tupa zilikuwa zimepangwa pembeni yake, na nikaona kitu ambacho siku ya kwanza sikukiona. Kila mpini ulikuwa na mchongo wa kipekee pale juu, mahali ambapo kidole cha shahada hukaa. Mfereji mfupi, nusu ya ule wa vidole vingine.

Akafuta kiganja chake kwenye suruali, mbele na nyuma. Akauweka mkono wa kulia kwenye karatasi, akatandaza vidole.

Nikaanza na dole gumba. Penseli ilipofika kwenye kidole cha shahada, ikapanda hadi kifundo cha kati, ikageuka.

"Polepole hapo," akasema. "Hapo kunasikia."